Ngoma inayofuata: mwongozo wa kuwa DJ mzuri wa klabu Zanzibar

Vijana wanaotaka kuwa ma-DJ huanza kwa kuuliza wanunue mashine gani. Swali hilo ni jepesi na nitalijibu huko chini kwa ufupi. Gumu ni hili: ngoma inayolia sasa ikimalizika, utaweka ipi, na kwa nini hiyo? Kupiga wimbo unaopendwa na kila mtu hakuhitaji fundi, hata simu ya mhudumu wa baa inaweza. Kazi ya DJ imo katika wimbo unaofuata, kwa watu waliopo mbele yake, saa ileile.

Hapa Unguja swali hilo lina uzito wake. Jumamosi moja Paje utakuta ukumbini Mtaliano aliyeshuka Kiwengwa, mpishi wa hoteli mwenye asili ya Mwanza, dada wa Kikenya anayekaa mapokezi, vijana wa Jang'ombe waliojaa gari moja, na mtalii wa Poland ambaye hii ndiyo mara yake ya kwanza kufika Afrika. Wote wamelipa kiingilio kilekile, na kila mmoja ana wimbo wake kichwani. Mwongozo huu ni wa ukumbi wa namna hiyo.

Hatua ya 1: Anza ukiwa upande wa wachezaji

Kabla ya kugusa mashine, nenda klabu kama mtu asiye na kazi. Usisimame nyuma ya DJ kumtazama vidole. Simama ubavuni, pahala unapoona miguu ya watu na kaunta ya baa kwa pamoja. Kila ngoma inapobadilika tazama nani ameingia uwanjani, nani ametoka, na waliokaa wanafanya nini. Aliyekaa ndiye anayekwambia mengi. Akianza kutikisa bega, ngoma mbili mbele atakuwa amesimama. Akitoa simu, DJ amempoteza.

Fani yenyewe ilianza kwa kutazama hivyo. Clive Campbell, Mjamaika aliyejulikana kwa jina la DJ Kool Herc, alikuwa akipiga santuri katika sherehe za mtaani kwao Bronx, New York. Aliona kwamba wachezaji wengi walikuwa wakingojea kipande kimoja tu cha wimbo, pale mwimbaji anaponyamaza na ngoma kubaki peke yake. Akachukua nakala mbili za santuri moja, akawa anaruka kutoka hii kwenda ile ili kipande hicho kisiishe. Sherehe yake ya tarehe 11 Agosti 1973 ndiyo wengi wanayoihesabu kuwa mwanzo wa hip hop. Mashine zake zilikuwa za kawaida, ila macho yake yalikuwa miguuni mwa watu.

Kwetu kuna skuli mbili za kutazama. Moja ni Sauti za Busara, tamasha la kila Februari tangu 2004, ambalo muda mrefu limekuwa likipigwa ndani ya Ngome Kongwe. Pale vyombo hupigwa moja kwa moja jukwaani, kwa hiyo utaona mpiga ngoma akiongeza kasi kidogo watu wakishika moto, na akipunguza wakichoka. Ya pili ni harusi. Ikipigwa rusha roho, yaani taarabu ya kisasa, sikiliza ni ubeti upi unaowainua wanawake vitini kwenda kutunza. Si ngoma inayowainua, ni neno. DJ wa mwambao asiyesikiliza maneno ya nyimbo zake atakuja kupiga kijembe mbele ya mtu asiyestahiki, na hatajua kwa nini meza nzima imenuna.

Hatua ya 2: Jenga hazina ya nyimbo

Hapa ndipo muda wako mwingi uende.

Anza na ubora wa faili. Wimbo uliotumwa kwa WhatsApp, ukabanwa, ukatumwa tena kwa mwengine, husikika vizuri kwenye simu kwa sababu simu haina besi ya kukuonesha kilichopotea. Uweke kwenye spika za klabu uone: besi inakuwa tope na matoazi yanakwaruza masikio. Tafuta MP3 ya kilobiti 320 kwa sekunde, au WAV. Nyimbo za nje zinunue. Za wasanii wa hapa, mtafute msanii mwenyewe au prodyuza wake umuombe faili safi, na ukishamuomba hilo, muombe na toleo lisilo na sauti ya mwimbaji. Toleo hilo ndilo litakalokuokoa wakati wa kuunganisha, kwa sababu waimbaji wawili wakiimba kwa pamoja hakuna anayesikika.

Kisha sikiliza kila wimbo mpaka mwisho kabla haujaingia kwenye flashi. Zipo nyimbo zenye mwanzo mtamu ambazo dakika ya tatu hutoa matusi mazito. Na zipo hausi (nyimbo za house) kutoka nje ambazo mtengenezaji wake aliona uzuri kupachika kipande cha adhana au kisomo katikati ya besi. Kwake yeye ni pambo. Ukiipiga hiyo Mjini au Nungwi utakuwa umefunga safari yako ya kazi kisiwani, na kwa haki kabisa. Futa faili hiyo, usiiweke hata kwa akiba. Unaposikiliza, weka alama kwenye programu yako ya u-DJ: pahala pa kuingilia, pahala besi inapoanza, pahala salama pa kutokea.

Panga nyimbo kwa saa ya usiku, sio kwa aina ya muziki. Folda ya amapiano, muziki wa klabu wa Afrika Kusini, yenye nyimbo mia nne haikufai saa saba usiku mkono ukiwa na jasho. Mimi ninapendelea folda zenye majina kama haya: watu hawajafika, watu wanakula, wa kwanza kusimama, jasho, pumzika kidogo, nendeni salama. Wimbo mmoja waweza kukaa katika folda mbili. Ukipanga hivi unalazimika kulijibu lile swali la "kwa nini sasa" ukiwa nyumbani umetulia.

Halafu kuna muziki wetu wenyewe, na hapa niseme wazi kwamba ma-DJ wengi wa hoteli wanauacha kwa uvivu. Kikundi cha taarabu cha Nadi Ikhwan Safaa kipo tangu 1905. Mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad aliingiza sauti yake kwenye santuri mwaka 1928 huko Bombay. Bi Kidude aliimba mpaka uzeeni kabisa, akafariki Aprili 2013. Huu si mji wa kumpigia mtalii orodha ileile aliyoisikia uwanja wa ndege. Sisemi upige taarabu asilia saa sita usiku. Ile ina adabu zake, na watu hawakuja klabu kukaa vitini. Lakini dakika moja ya ganuni, kile chombo cha nyuzi cha taarabu, juu ya hausi ya Kiafrika, ukiwa umepata ruhusa ya mwenye kazi, humfanya mgeni ainue kichwa na mwenyeji acheke.

Kuna jambo la kiufundi hapo. Chakacha na ngoma nyingi za mwambao huenda kwa mapigo ya sita, si manne manne kama hausi. Usihangaike na mapigo madogo. Tafuta mapigo makubwa, yale ambayo kisigino kinayakanyaga, uyalinganishe na mapigo manne ya wimbo wako mwengine. Madogo yatajipanga yenyewe juu yake, na mchanganyiko utakuwa na mdundo ambao DJ wa Ulaya hana. Na ukitumia rekodi za zamani, kumbuka zilipigwa na watu, si kompyuta. Mwendo unapanda na kushuka ndani ya wimbo mmoja. Unganisha haraka, sekunde kumi au kumi na tano, uondoe mkono kabla hazijaachana.

Hatua ya 3: Kuhesabu na kuunganisha

Muziki mwingi wa klabu hujengwa kwa mapigo manne manne, yanayokusanyika kuwa 16, halafu 32. Mambo makubwa kama kuingia kwa besi au kuanza kwa mwimbaji huja kwenye pigo la kwanza la kundi jipya. Basi na wewe anzisha wimbo wako kwenye pigo la kwanza la kundi la wimbo unaolia. Ukikosea kwa pigo moja tu mchezaji hatajua kosa ni nini, lakini mguu wake utasita. Zoezi lake halina gharama: ukiwa kwenye daladala, hesabu mpaka 32 kwa kila wimbo dereva anaopiga, uone kama ulitabiri badiliko.

Besi ndiyo inayowaumbua wengi. Besi mbili zikilia pamoja hufutana au huvuma ovyo. Ingiza wimbo mpya besi yake ikiwa imezimwa, acha matoazi na kinanda vitangulie, halafu likifika pigo la kwanza la kundi, punguza besi ya zamani na pandisha mpya kwa wakati mmoja. Ukilijua hili moja tu, tayari utasikika tofauti na wengi.

Kuoanisha kasi kwa sikio ni ufundi ulioanza kujulikana New York mwishoni mwa miaka ya 1960, Francis Grasso akiwa miongoni mwa waliouanza. Leo mashine inaoanisha yenyewe kwa kubonyeza kitufe. Wazee wa fani wanakichukia kitufe hicho, mimi sikichukii. Kinakuachia mikono na macho kwa kazi nyengine. Lakini jifunze kwa sikio hata hivyo, kwa sababu siku utakayopewa deki mbili (mashine za kupigia nyimbo) zisizounganishwa, au wimbo ambao programu imeusoma vibaya, kitufe kitakupeleka shimoni kwa ujasiri mkubwa.

Kasi zenyewe uzijue kichwani. Amapiano hutembea kwenye mapigo 112 hivi kwa dakika. Hausi huenda 120 hadi 128. Reggaeton na densihoo (dancehall ya Jamaika) hukaa kati ya 90 na 105, na bongo fleva nyingi zimo humohumo. Singeli, iliyozaliwa katika mitaa ya Dar es Salaam, hukimbia 200 na kwenda juu, pengine ikakaribia 300.

Sasa utatokaje amapiano kwenda singeli? Ukipandisha kasi kidogo kidogo kutakucha hujafika. Dawa yake ni nusu. Ngoma yenye mapigo 104 ina nusu kamili ya kasi ya singeli yenye 208, kwa hiyo pigo moja la ile linabeba mawili ya hii. Toka amapiano, shuka kwenye bongo fleva ya 104, ipige mpaka watu waizoee, kisha ingiza singeli ya 208 juu yake. Mchezaji hatahisi amerushwa. Usishangae programu ikiiandika singeli hiyo kuwa ni 104. Imehesabu nusu, ndivyo zilivyo. Kutoka singeli kurudi chini ni hesabu ileile kwa kinyume. Na usiwape watu zaidi ya singeli nne au tano mfululizo, isipokuwa unataka baa iuze maji kwa nusu saa.

Kuhusu ufunguo wa wimbo, yaani sauti ya msingi ambayo wimbo umejengwa juu yake, programu nyingi huonesha namba 1 hadi 12 pamoja na herufi A au B, na namba jirani hupatana. Itumie, ila kwa taarabu zilizojengwa juu ya maqam (ngazi za sauti za muziki wa Kiarabu) usiiamini. Sikio lako liamue.

Hatua ya 4: Mashine

Kontrola ya deki mbili (mashine ya kuendeshea nyimbo zilizomo kwenye laptopu), laptopu isiyokwama, na hedifoni zinazofunika sikio zima. Zinatosha kwa mwaka wa kwanza. Ukizeeka kidogo katika kazi, fanya mazoezi kwenye deki za klabu, ambazo mara nyingi ni za Pioneer, ukoo wa CDJ uliotawala tangu ilipotoka CDJ-1000 mwaka 2001. Omba uende mchana, kabla ya kufunguliwa.

Nyimbo zako ziweke kwenye flashi mbili zinazofanana, zilizopangwa kwa mfumo wa FAT32, kwa sababu deki za zamani hazisomi baadhi ya mifumo mengine. Moja deki, moja mfukoni. Usimwazime mtu ile ya mfukoni.

Hatua ya 5: Fungua usiku taratibu

DJ anayefungua ukumbi saa tatu usiku hupewa malipo madogo na hudharauliwa, na kwa maoni yangu yeye ndiye anayeamua usiku utakuwaje. Ukiweka ngoma kubwa ya mwaka mbele ya watu kumi na wawili wanaokula ngisi, umeitupa. Yule atakayekuja saa sita hataweza kuirudia, na wale kumi na wawili wameona aibu kusimama kwa sababu ngoma ni kubwa kuliko ukumbi.

Kwa hiyo anza chini. Sauti iwe ya kuruhusu watu kuzungumza bila ya kuinamiana masikioni. Kasi iwe 95 hadi 105, nyimbo zenye nafasi ndani yake. Kazi yako kwa saa mbili za kwanza ni kuwafanya watu waagize kinywaji cha pili badala ya kuomba bili. Wakianza kutikisika wakiwa vitini, usikimbilie kupandisha. Ngoja. Ngoma mbili nyengine za namna ileile, kisha panda hatua moja tu.

Mtu wa kwanza kuingia uwanjani ana hatari ya kuchekwa, kwa hiyo mlinde. Akishaingia, usibadilishe aina ya muziki mpaka wapate kuwa watano au sita. Mara nyingi Zanzibar wa kwanza ni kundi la wanawake waliokuja pamoja, au wafanyakazi wa hoteli waliotoka zamu. Mtalii husubiri aone wenyeji wanachezaje ndipo aingie. Ukiwapoteza wenyeji kwa kumfurahisha mtalii, unaishia huna hata mmoja.

Usiguse ngoma kubwa za DJ anayekuja baada yako. Muulize mapema atafungua na nini, umuachie pahala pa kupandia.

Hatua ya 6: Ukumbi wa mchanganyiko

Ikifika saa tano ukumbi umegawika. Mjini juu ya paa la hoteli mgawanyo ni mdogo, watu wanafanana. Nungwi, Kendwa na Paje ndiko kwenye mtihani.

Kosa la kawaida ni kugawa zamu: nyimbo tatu za wazungu, tatu za bara, tatu za amapiano. Kila zamu inafukuza theluthi mbili ya ukumbi. Tafuta badala yake nyimbo za daraja, zile ambazo makundi mawili wanazo kwa pamoja. Amapiano ndiyo daraja kubwa la miaka hii: mtu wa bara anaijua, Mkenya anaijua, na mtalii anayependa hausi anaisikia kuwa ni jamaa yake. Densihoo ya zamani huunganisha vijana wa hapa na watu wa Ulaya waliokulia miaka ya 2000. Nyimbo za Kiitaliano za pwani zinaingia vizuri Kiwengwa, ambako hata wauza vinyago wanazijua maneno. Ukishavuka daraja, kaa upande wa pili kwa ngoma tatu au nne, halafu tafuta daraja jengine.

Mgeni hachezi kwa sababu anaijua ngoma. Hucheza kwa sababu aliye pembeni yake anacheza kwa raha. Singeli ni ushahidi: mtalii haijui hata kidogo, lakini vijana wa hapa wakianza kunengua, duara linafunguka na mgeni anasukumwa katikati. Basi siku zote piga kwa ajili ya wale watano wanaocheza vizuri zaidi; wengine watawafuata.

Maombi ya nyimbo yatakuja. Jibu lenye adabu ni "nimekusikia, kaka" au "inakuja, dada", kisha uipime. Kama wimbo unafaa saa hiyo, weka ndani ya ngoma tatu. Kama haufai, usiseme utauweka. Mtu aliyeahidiwa hurudi kila baada ya dakika tano, na kila mara akiwa amelewa zaidi. Noti anayokuja nayo mkononi isikuchanganye. Harusini kutunza ni heshima kwa mwimbaji, lakini klabu, noti ya mtu mmoja ikiondoa watu thelathini uwanjani, bosi ndiye aliyelipa.

Nikitaja harusi, msichana anayesoma haya ajue ana soko lake. Sherehe za wanawake watupu, Unguja na Pemba, hutafuta DJ mwanamke, kwa sababu waalikwa wamevua mabuibui na hawataki mwanamme wala kamera ukumbini. Pemba hasa, kazi ya DJ iko zaidi kwenye sherehe kuliko klabu. Anayeijua rusha roho vizuri na anayejua lini aseme na lini anyamaze kwenye maikrofoni hakosi kazi msimu wa harusi.

Hatua ya 7: Sauti na masikio

Ngoma ikilia sana haikawii kupasuka, na spika ni hivyohivyo. Taa za miksa (mashine ya kuchanganyia sauti) zikikaa kwenye nyekundu, sauti haiongezeki, mawimbi yake hukatwa vilele na kuchemsha spika za mwenyewe. Kaa kijani, uguse njano kwenye kilele. Ukitaka nguvu zaidi saa saba, punguza saa sita. Sikio hupima tofauti, halipimi kiasi.

Masikio yako hayana vipuri. Kipimo kinachotumika sana katika afya ya kazi ni desibeli 85 kwa saa nane, na kila ukiongeza tatu muda salama unapungua nusu. Ukifanya hesabu hiyo, desibeli 100, ambazo ni za kawaida mbele ya spika za klabu, zinakupa robo saa tu. Nunua vizibo vya masikio vya wanamuziki, pamba haisaidii. Spika inayokutazama wewe ipandishe unapounganisha na uishushe ukimaliza.

Hatua ya 8: Bahari, upepo na umeme

Chumvi na mchanga ndivyo vinavyoua mashine hapa. Kila baada ya kazi futa kwa kitambaa kikavu, funika, usiache vitelezi vya miksa wazi usiku mzima. Hewa ya pwani ya mashariki ina upepo wakati wa kaskazi na wakati wa kusi pia, ndiyo maana Paje imejaa watu wa kuteleza kwa tiara, na upepo huo huo hubeba sauti. Kabla watu hawajaja, tembea mpaka ukingoni mwa uwanja usikilize. Spika zielekee wachezaji, zisielekee kijiji.

Ukipiga mchangani kwenye sherehe za mwezi mpevu, kama zile za Kendwa, jua maji. Mwezi mpevu ni bamvua. Siku hizo maji hukupwa mnamo saa nne usiku, ukafika ukaona ufuo mpana na mahali pazuri pa kuweka spika. Halafu yanajaa, na karibu na saa kumi alfajiri yako juu kabisa. Muulize mvuvi yeyote wa pale yatafika wapi, ndipo uweke waya wa kwanza.

Umeme ukatike au usikatike, jipange kama utakatika. Wazanzibari wanaoikumbuka ile miezi mitatu ya giza, kuanzia Disemba 2009 mpaka Machi 2010, hawahitaji kuelezwa. Siku hizi hali ni nyengine, lakini sekunde kumi za kubadilisha kwenda jenereta zinatosha kuzima deki. Weka UPS ndogo (betri inayoshika umeme ukikatika) kwa ajili ya deki, miksa na laptopu. Amplifaya usiziunge hapo, zitaimaliza mara moja. Wakati wa kuwasha, deki na miksa kwanza, amplifaya mwisho. Wakati wa kuzima, amplifaya kwanza. Ule mshindo unaosikika kwenye spika mtu akikosea mpangilio huu ndio unaopasua koni.

Jambo la haraka lakini si dogo: jua milango. Siku ya Idi ya mwaka 2008 huko Tabora watoto takriban 20 walikufa katika ukumbi wa disko toto uliojaa kupita kiasi. DJ anauona ukumbi kuliko baunsa. Ukiona umejaa mno, shusha muziki na mwambie mwenyewe.

Hatua ya 9: Adhana, mwezi wa Ramadhani, vibali na fedha

Mjini, muziki wa machweo juu ya mapaa hukutana na adhana ya Magharibi, na baadaye ya Isha. Usingoje msikiti uanze ndipo ukate ghafla, inaonekana kama umeshtuliwa. Jua saa yake kwa siku hiyo, panga wimbo wako uishe dakika moja kabla, shusha, kaa kimya mpaka imalizike, halafu anza tena kutoka chini. Wageni wengi hukipenda kimya hicho. Alfajiri ni hivyo hivyo, ingawa wakati huo unatakiwa uwe umeshakunja waya.

Ramadhani klabu hufungwa au hunyamaza. Utumie mwezi huo kusafisha folda, kufuta, kusikiliza upya. Pia panga fedha zako mapema, maana Idi ikiangukia Machi, baada yake huja masika na watalii hupungua. Msimu mzuri ni Juni hadi Oktoba, na Disemba hadi Februari.

Kazi za sanaa Zanzibar zinasimamiwa na BASSFU, yaani Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni, na hakimiliki ziko chini ya COSOZA, ofisi ya hakimiliki ya Zanzibar. Muulize mwenye klabu kama vibali vyake viko sawa kabla hujakubali kazi, kwa sababu siku ya ukaguzi mashine zinazobebwa zinaweza kuwa zako.

Makubaliano yaandikwe, hata kwa ujumbe wa simu: saa ya kuanza na kumaliza, malipo, nusu mbele, nani analipa usafiri. Kutoka Nungwi mpaka Mjini ni karibu kilomita 60, na saa tisa usiku hakuna daladala. Kama hulali hukohuko, gari liwe ndani ya bei. Na kilevi kiache mpaka umalize. Baa itakuwa ya kwanza kukupa cha bure na ya kwanza kusema umelewa kazini.

Hatua ya 10: Funga, kisha sikiliza

Nusu saa ya mwisho shuka kama ulivyopanda. Usikate kwenye kilele na kuwasha taa. Watu wenye moto bado hugombana mlangoni. Teremsha kasi, rudisha nyimbo za kuimba pamoja, mwisho weka wimbo mmoja wa taratibu ambao wenyeji wote wanaujua. Hapo ndipo wimbo wa zamani wa Kizanzibari hukaa vizuri kuliko saa yoyote.

Rekodi kila usiku unaopiga. Kesho yake usiisikilize kwenye spika nzuri za nyumbani, isikilize kwa simu ukiwa na shughuli nyengine, unafua au unasafiri. Pale utakapojikuta unataka kuruka mbele, andika dakika na jina la wimbo. Kisha rudi nyuma usikilize ule uliotangulia, kwa sababu mara nyingi kosa limo mule: wimbo wenyewe ni mzuri, umekuja baada ya usiostahiki. Uhamishe folda, usiufute, na Ijumaa ijayo ujaribu kuuweka saa moja mapema.